Jumatatu za Mzee wa Masjala

...halafu ni hiyo herufi moja tu, r, ndiyo inayoondoka na kila kitu, ukiiacha anafutwa mtu lakini mafaili yake yanabaki, userdel, amri ya kumfuta mtumiaji, nafasi, kistari, r, nafasi, masjala2, hilo ndilo jina alilopewa mzee kwenye mtambo wa kompyuta, miaka kumi na minne mtu mzima anaitwa masjala2, na huyo masjala1 hata hatukuwahi kumwona, sasa kidole kiko juu ya kitufe na hakishuki, kwa nini hakishuki, mbona mwezi uliopita nimefuta madereva watatu huku natafuna karanga... "Dada, yule mzee aliyestaafu umeshamtoa?" meneja huyo, anapiga kelele kutoka chumba cha pili, kuinuka kwake mwiko, nimenyanyua mkono aone kupitia kioo, subiri, inatosha, "Na lile kundi la masjala ulifute pia, si limebaki na yeye tu?" ndiyo, kundi la mtu mmoja, makubwa, kama hili langu la wasimamizi wa mtambo, ukiliorodhesha linatoka jina langu na nukta... ngoja kwanza, nihakikishe hayuko ndani, mtambo haukubali kumfuta mtu aliyeingia, ingawa atakuwaje ndani na leo ni Jumatatu ya tano tangu astaafu, tulimkatia keki, kila mtu akaombwa aseme neno, nami nikasema, "Jamani, sasa nitapumzika na nywila za huyu mzee," ukumbi mzima ukacheka, naye akacheka, halafu akainamia sahani yake... maana kila Jumatatu, kila Jumatatu ya Mungu, saa mbili na nusu, hodi, "Mwanangu, nywila imenipotea tena," kofia mkononi, nami, "Mzee wangu, hicho ni kichwa au chujio?" naye, "Chujio, mwanangu, chujio kabisa," anavuta kiti, anauliza nimelalaje, mguu wa dada yangu umeponaje, kumwekea nywila mpya ni nusu dakika, yeye anakaa dakika ishirini, nami natazama saa, tena natazama waziwazi ili anione, Mungu anisamehe... haya, nafuta mstari, last, nafasi, masjala2, orodha hii hapa, miezi mitatu ya kuingia na kutoka, hayuko ndani, vizuri, Jumatatu yake ya mwisho ameingia saa mbili kasoro dakika kumi, ametoka saa mbili na dakika ishirini... hebu... ameingiaje? Mimi nilimbadilishia saa mbili na nusu. Jumatatu ya kabla yake vilevile, ameingia, ametoka, ndipo akaja kwangu, na ile nyingine, na ile nyingine, loo, na huu mtambo haumwingizi mtu asiye na nywila, huo mlango niliufunga mwenyewe, kwa hiyo alikuwa nayo, mzee wa watu alikaa kule chini kwenye makabati yake, akaingia bila shida, akafanya kazi nusu saa, akatoka, akavua kofia, akapanda ngazi za ghorofa mbili na magoti yake yale kuja kuniambia imempotea, na kuitwa chujio.

Tangu lini... tangu mkewe alipofariki, mwaka juzi, ndiyo, kabla ya hapo hakuwahi kusahau hata namba ya faili, mimi nikadhani ni majonzi, nikamwonea huruma wiki mbili, halafu nikachoka naye, sikujiuliza hata mara moja kwa nini iwe Jumatatu na isiwe Alhamisi, nami Jumapili naijua vizuri, ile nyumba inayosikika friji tu, naijua kufua blauzi ambayo si chafu ili mchana uishe, dada anatuma picha ya wanawe, ninamrudishia kidole gumba, basi, mdomo umefungwa siku mbili, asubuhi mlinzi ananipungia getini, nampungia, ngazi, mlango, kiti, na mtu wa kunifungua mdomo alikuwa nani kama si yeye, alikuwa anakuja kwangu na mimi pia nilikuwa naongea, nami nikasimama mbele ya keki nikawaambia watu nitapumzika, nilimwaibisha, mzee wa watu, namba yake ya simu sina, sikuwahi kuiomba, iko kwa afisa utumishi, ghorofa moja tu juu, nitakwenda nimwambie naitakia nini... "Dada! Si amri moja tu hiyo, tatizo nini?" kumbe kidole kimeshairudisha ile amri, kwa mazoea tu, jina lake liko palepale kwenye mstari, na kitufe palepale, nimefungua mdomo nimjibu, sauti haikutoka, nimekohoa, nimejaribu tena, "Bado," nimesema, neno langu la kwanza tangu Ijumaa jioni.