Mumiani wa Mtaa wa Cobalt

"Mng'ate!" Zdravko alisema. "Mng'ate tumalize, mama, bia yangu inapata moto."

"Bado hajaamka," Glenys alijibu bila kubandua macho kwenye skrini.

Ilikuwa Jumapili, saa nane mchana, na joto la Broken Hill, mji wa migodi huko Australia, lilikuwa limewafukuza barabarani hata mbwa. Mapazia yote ya Mtaa wa Cobalt yalikuwa yamefungwa. Sebuleni kwa Glenys Trembath kipoza hewa kilinguruma juu ya paa, na ndani ya kompyuta yake mumiani mmoja wa kike, mwenye joho jeusi na kofia iliyomfunika uso, alikuwa amesimama kando ya kitanda mnarani. Kitandani alilala mpiga kengele mzee. Kwenye kona ya skrini mstari mwekundu wa kupima damu yake ulikuwa umebaki upana wa kucha.

Mchezo wenyewe uliitwa Ardhi ya Valdomir. Mchezaji anakuwa mumiani mnyonya damu, anatembea mji kwa mji akitafuta nguvu za kupambana na Mwanamfalme aliyemgeuza. Glenys alikuwa anaucheza mwezi wa nne sasa, tena kwa namna ambayo hata vijana waliozaliwa na kibodi mkononi waliikimbia. Kwanza, alichagua uhai mmoja, yaani ukifa mchezo unajifuta wenyewe na hakuna cha kurudia. Pili, alishika Mfungo. Anayeshika Mfungo hanywi damu ya mtu yeyote asiyekubali kwa kinywa chake.

Na wote walioshika Mfungo walikwama hapa hapa mnarani. Bila damu ya mpiga kengele humwezi Mwanamfalme, na mzee huyo ukimwamsha mchezo unakupa maneno matatu tu. La kwanza ni kumpumbaza, na huo ni wizi. La pili ni kumdanganya, na huo pia ni wizi. La tatu ni kumwambia ukweli, naye akiusikia hupiga yowe, walinzi wenye mikuki ya fedha wakapanda ngazi, na habari yako ikaishia hapo. Kwenye jukwaa lao la mtandaoni walishakubaliana kwamba waliotengeneza mchezo walitega mtego, Mfungo haumaliziki. Glenys alipoandika kwamba anafika mnarani Jumapili, kijana mmoja alimjibu: "Mng'ate tu, Bibi Sindano, ukalale mapema."

Jina la Bibi Sindano alijipa mwenyewe, maana sindano ndiyo kazi yake. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa akichukua damu za vipimo pale kliniki. Watoto waliotobolewa vidole kupimwa madini ya risasi, wachimbaji wastaafu wenye damu nzito, wajawazito, wote walikalia kiti chake. Mjini walimwita Mumiani, usoni pake na bila haya. "Mumiani kaja, ficheni mishipa!" walimpigia kelele hata kwenye foleni ya duka la nyama, naye alicheka na kuwaonyesha meno.

Ila Ijumaa hakucheka. Msimamizi mpya, binti aliyekuwa akiongea naye kutoka Adelaide kwa simu ya video, alimwambia kwa upole wote kwamba yeye ni mzito. Wenzake walitumia dakika tatu kwa mgonjwa, yeye sita. "Unaongea nao mno, Glenys. Tobo, chupa, pamba, anayefuata. Jumatatu nataka uniambie kama utaweza, au tukutafutie kazi ya mafaili." Alitoka pale masikio yakimwaka. Miaka thelathini na moja, na bado hajaambiwa na mtu kwamba alimuumiza.

"Sasa unafanya nini?" Zdravko aliuliza.

"Namvua kofia."

"Kofia ya nini? Una njaa, unakufa, unavua kofia!"

"Wewe ungetaka kuamshwa na mtu asiyeonekana uso?"

Zdravko Barić, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa na miaka sabini na minne, arobaini kati ya hiyo aliiacha chini ya ardhi. Mishipa yake ilikuwa inajificha kama panya. Kila wiki mbili alipokuja kupimwa damu, Glenys alimkandia mkono kwa kitambaa cha moto, akamwuliza habari za nyanya zake, na mshipa ukajileta wenyewe. Mwaka mmoja Glenys alipokuwa likizo, mtu mwingine alimtoboa mara tano, na Zdravko akaondoka kliniki na mkono wa rangi ya zambarau akilaani kwa lugha ya kwao. Tangu hapo hakukubali sindano ya mtu mwingine.

Mumiani aliivua kofia. Mstari mwekundu ukapungua. Akawasha mshumaa uliokuwa mezani, na mstari ukapungua tena, maana katika mnara ule kila tendo lilikula damu. Ndiyo sababu hakuna mchezaji aliyewahi kugusa kitu pale. Wote waliingia mbio, wakamwamsha mzee, wakachagua neno.

Kando ya kitanda palikuwa na kigoda. Glenys alikitazama. Alikuwa amekitazama tangu jana katika picha za wenzake walioshindwa, na katika picha zote kilikuwa wazi. Mara ya kwanza aliposhika sindano, nesi mkuu wa wakati ule alimpiga kofi la bega na kumwambia akae chini, kwa sababu mtu aliyelala akisimamiwa humwona kila anayekuja kuwa adui.

"Ukikosea?" Zdravko aliuliza, safari hii bila mzaha.

"Nikikosea, miezi minne imekwenda."

"Na yule mtoto wa Adelaide?"

Glenys alisogeza kishale hadi kwenye kigoda. Alijua vizuri Zdravko anauliza nini. Aliogopa kwamba labda binti yule alikuwa sahihi, kwamba dakika zote zile alizowapa watu zilikuwa za bure, na vijana wa jukwaani wangemcheka na kusema si tulikwambia. Alipangusa kiganja kwenye sketi. Kisha akabonyeza, na mumiani akaketi juu ya kigoda.

Mstari ulibaki mwembamba kama uzi. Mpiga kengele alifumbua macho. Maneno matatu yalitokea chini ya skrini kama kawaida, na juu yake, polepole, likatokea la nne.

*Unaitwa nani?*

"Mama yangu!" Glenys alisema.

Swali hilo lilikuwepo miji yote ya nyuma, na wachezaji walilipita kwa sababu lilipoteza muda. Yeye hakulipita hata mara moja, kwa mazoea tu ya kazi. Lakini mnarani hakuna aliyewahi kuliona.

*Ambroz,* mzee alijibu.

*Umekula leo, Ambroz?* lilikuja swali la pili, na Glenys akaangua kicheko mpaka machozi, kwa sababu swali hilo aliwauliza watu arobaini kwa siku. Ambroz hakuwa amekula. Mkobani mwa mumiani mlikuwa na mkate alioupata mji wa kwanza, kitu kisicho na faida kwa mfu, na Glenys hakuwahi kuutupa. Akampa. Mzee akala, akimtazama yule mgeni kwa mwanga wa mshumaa, na Zdravko alikuwa ameiweka bia chini na kusogeza kiti mpaka magoti yake yakagusa meza.

Lilibaki neno la ukweli. Glenys alilichagua.

*Mimi ni mumiani. Nina njaa. Naomba damu yako.*

Ambroz alimkazia macho. Hakuna kilichosogea kwenye skrini, mpaka Glenys akadhani kompyuta imeganda. Uzi mwekundu ulikuwa umekatika vipande, kimebaki kimoja. Halafu mzee alikunja mkono wa shati.

*Chukua kidogo,* alisema. *Wa kushoto. Wa kulia navutia kengele.*

Zdravko aliruka juu, mzee mzima mwenye magoti mabovu, akapiga ukuta kwa ngumi. "Kushoto! Anasema wa kushoto! Umesikia?"

"Nimesikia, mzee. Kaa chini usije ukaanguka, leo si zamu yangu."

Mwanamfalme alichukua dakika kumi na moja. Alikuwa mkali, lakini mkono uliozoea kushika sindano hautetemeki, na Glenys alimchoma palipostahili na kumlaza. Jeanette, mdogo wake, aliingia kutoka jikoni na sahani ya mikate yenye saladi ya karoti na jibini, akawakuta wawili hao wameshikana mikono kama waliofunga ndoa.

"Mna nini nyie? Si mchezo tu?"

"Dadako kamaliza," Zdravko alisema. "Duniani kote hakuna. Yeye peke yake!"

"Na Jumatatu," Glenys alisema, na sauti yake ilikuwa imenyooka, "nitamwambia yule binti dakika sita. Sita, wala sipunguzi. Akitaka anipe mafaili, watu wa mji huu watamtafuta yeye."

Alikuwa anajivuna, na hakuona sababu ya kuficha. Alinyoosha mkono achukue mkate, lakini skrini iliyokuwa imezima iliwaka tena, nyeusi, bila muziki, na maandishi meupe yakaanza kupanda kutoka chini.

"Hayo nini?" Jeanette aliuliza.

Zdravko alikaza macho, kisha akaanza kusoma kwa sauti. "Ilka, muuza mishumaa. Tomaz, mlinzi wa daraja. Mjane Rezka." Aligeuka. "Ni wale uliowauliza jina?"

Glenys alitikisa kichwa kukubali.

"Wako wangapi?"

"Mia mbili na kitu."

Kwenye pembe kulikuwa na kitufe kidogo cha kuruka mpaka mwisho. Glenys alikiondoa kipanya juu ya meza na kukipakata mapajani. Jeanette aliweka sahani chini, akavuta kiti, na Zdravko akaendelea kusoma. "Pavle, mchonga majeneza. Binti wa kinu, Zora..."