Maoni Arobaini na Moja

Kila mtu ana mahali anapojiona mfalme, hata kama ufalme wenyewe hauzidi upana wa meza. Yeye alikuwa mfalme wa nafasi iliyo kati ya kichwa cha habari na aya ya kwanza. Wanafunzi walimwita Bwana Rula, kwa kuwa aliwahi kuweka rula ya plastiki juu ya kompyuta ya mwanafunzi, mbele ya watu, akapima nafasi hiyo, kisha akaguna. Jina alilijua. Alijifanya halijui, lakini lilimpendeza, maana asiye na cheo hushukuru hata utani.

Siku za kazi alitengeneza kurasa za mtandao za watu wengine. Jumamosi asubuhi alifundisha bure, katika chumba kilicho juu ya duka la mabegi, chenye kompyuta kumi na mbili na feni moja iliyopuliza upande wa mwalimu tu. Waliokuja walikuwa wanaanza kabisa. Aliwaambia HTML ni mifupa ya ukurasa na CSS ni nguo zake, wakaandika hivyo hivyo daftarini, na wiki ya nne kila mmoja akaleta ukurasa wake wa kwanza wa mazoezi ili aupitie.

Kuupitia kulikuwa na sheria, na sheria aliitunga mwenyewe. Kazi ililetwa bila jina, kwa namba tu, na namba zilijulikana na katibu wa darasa peke yake. Mwalimu aliandika maoni yake, kila oni na sababu yake. Jumamosi iliyofuata mwenye kazi alisimama, akayasoma kwa sauti. "Haki haina shangazi," alipenda kusema, msemo aliojitungia na ambao hakuna mwingine aliyewahi kuurudia.

Muhula huo akaingia darasani mama mkwe wake.

Alikuwa mkunga mstaafu, aliyepokea watoto kwa miaka thelathini na zaidi. Yeye alimtunza mkwe wake vizuri, alimwita baba, na mkwe akija alimwekea kiti kizuri. Ila kazi ya mkwe huyo hakuwahi kuiona. Watu wakimwuliza mkwe anafanya nini, alijibu, "Yuko na mambo yake ya kompyuta," kwa sauti ile ile ya kusema fulani ana pumu. Miaka minane ya ndoa, na Bwana Rula hakuna alichokitamani kama kusikia mama huyu akisema, hata mara moja, kwamba mkwe wake ni fundi.

"Mama amejiandikisha kwako," mke wake alimwambia. "Anataka kuona hicho unachokifanya kutwa nzima. Usiniaibishe."

Basi Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, akazifungua kazi zote mezani. Alipofika namba nne akatabasamu. Ukurasa mpole, rangi ya maziwa, ua moja dogo pembeni, maneno machache. Huyu ni mama, akajiambia, mkono wa mtu mzima haufichiki. Na mtu huyu wa haki isiyo na shangazi akaandika pale maneno matamu ambayo hajawahi kumwandikia mwanafunzi tangu darasa lianze. Haki haikuwa na shangazi, kweli, ila sasa ilikuwa na mama mkwe.

Kisha akafungua namba kumi na moja.

Rangi ya njano ilimrukia usoni. Herufi zilikuwa kubwa kama za tangazo la mnada. Namba ya simu ilirudiwa mara tatu, na katikati kulikaa kitufe chekundu kilichomeza nusu ya ukurasa. Kwa kuwa upole wote alikuwa ameumalizia kwa namba nne, hapa alifika na ukali wake mzima mzima. "Herufi hizi zinapiga kelele, msomaji si kiziwi. Zipunguze." "Njano inaumiza macho. Tumia nyeupe, na maneno yawe ya kijivu." "Namba ya simu mara moja yatosha. Iweke chini kabisa." "Kitufe hiki ni kikubwa kama mlango wa ghala." Hilo la ghala lilimfurahisha mpaka akamwita mke wake aje alisikie. Walicheka pamoja, mke na mume, kwa jambo ambalo mmoja angelijutia na mwingine angelikana. Alipomaliza, maoni yalikuwa arobaini na moja. Hakuwahi kufikisha hata thelathini, na alijisikia kama mtu aliyefanya kazi ya maana.

Jumamosi ikafika. Katibu aliita namba nne, na aliyesimama alikuwa mchomeleaji wa mageti, mwenye shingo pana na mikono yenye makovu ya cheche. Akasoma polepole: "Kazi hii ina utulivu wa mtu aliyelea wengi na kuvumilia mengi." Akanyanyua uso. "Mwalimu, mimi hata sijaoa."

Darasa lilicheka. Bwana Rula naye alicheka, kwa sababu uso ulihitaji kufanya kitu, lakini alikuwa ameshaanza kuwahesabu waliobaki. Tano akasimama keshia. Sita, saba, mpaka kumi, kila aliyeinuka hakuwa yeye, na watu walikuwa wanapungua.

"Kumi na moja," akasema katibu.

Mama mkwe alisimama, akatoa miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaanza kusoma. Aliyasoma yote. Hakuruka hata moja, wala hakulipunguza, kwa sauti ya mtu anayesoma kadi ya mgonjwa. Alipofika kwenye mlango wa ghala watu waliangua kicheko, naye akawangoja, kama alivyozoea kungoja uchungu upite, kisha akaendelea. Bwana Rula alitamani sakafu ipasuke, hata kama chini yake kulikuwa na mabegi tu.

"Nimesikia, mwalimu," alisema alipomaliza, akaketi. Hakusema baba. Alisema mwalimu.

Nyumbani mke wake alimngoja mlangoni. Habari ilikuwa imemtangulia.

"Mlango wa ghala," alisema mke.

"Na wewe ulicheka."

"Mimi sikucheka."

"Nitakwenda kumwomba radhi."

"Kwa lipi? Kwa ulichokisema, au kwa kutojua kwamba unamwambia yeye?"

Hakwenda. Wiki nzima alijihurumia, akiamini kwamba amepoteza heshima ambayo kwa kweli alikuwa hajaipata bado.

Jumamosi iliyofuata mama mkwe alifika kabla ya wote. Alimwamkua mkwe wake kama kawaida, wakajuliana hali ya nyumbani, kisha akamkabidhi simu. "Nimerekebisha," alisema.

Bwana Rula alitazama, na moyo wake, badala ya kuona aibu, ukavimba. Weupe mtupu. Herufi ndogo, za kijivu, zimejipanga kama watoto wa shule. Kitufe kimekuwa kidogo, kina adabu zake. Alihesabu kimoyomoyo: yote arobaini na moja yametimizwa, hakuna lililosahauliwa. Alijiona mwalimu wa walimu.

"Mama, sasa hii ni kazi."

"Ni safi," alikubali mama mkwe. "Ila Jumatano imenipa shida kidogo."

Akamweleza. Ukurasa ule haukuwa wa mazoezi. Alikuwa ameshawapa wajawazito saba wa mtaani kwake, na ule wa njano walikuwa wameshautumia mara mbili kumpigia. Jumatano adhuhuri mmoja wao alishikwa na uchungu ghafla. Mume wake akafungua ukurasa katika jua kali, akatafuta namba asiione. Alishusha chini, akapandisha juu. Mwishowe alimwacha mkewe na jirani, akakimbia kwa miguu mitaa mitatu mpaka mlangoni kwa mkunga.

"Nilipofika, kichwa cha mtoto kilikuwa kimeshaonekana," alisema mama mkwe. "Wako salama wote wawili. Ni wa kike. Ila zamani angegusa popote tu, simu ingeita."

Bwana Rula aliutazama tena ukurasa, na safari hii aliusoma. Siku zote alikuwa anautazama tu. Kwenye ule wa njano palikuwa pameandikwa: *Unatoka damu? Piga sasa. Usingoje asubuhi. Usione aibu.* Akakumbuka oni lake la kumi na tisa, kwamba sentensi ni fupi mno, ziunganishwe. Zilikuwa zimeunganishwa. Sasa zilisema kwamba endapo mtu anatoka damu asingoje asubuhi wala asione aibu bali apige simu kupitia namba inayopatikana chini kabisa ya ukurasa huu. Ilikuwa sentensi nzuri sana. Mtu angeweza kufa katikati yake.

Aliona aibu, aibu hasa, ile isiyojali nani anaangalia.

"Mama, mbona hukuniambia siku ile? Ungesimama tu ukasema mwalimu hapa umekosea, hiki kitufe kina maana yake."

Mama mkwe alimshangaa. "Nikwambie nini, baba? Miaka yote hii nilikuwa sijui kazi yako. Siku ile nikasikia maoni arobaini na moja, na kila moja lina sababu. Nikasema, kumbe mkwe wangu ni fundi kweli. Na fundi akisema, mtu anasikiliza. Mimi nikiwa kazini, nani alinibishia?"

Ndiyo hayo maneno aliyoyangoja miaka minane. Yalikuja kamili, bila kinyongo, na hakujua ayaweke wapi.

"Ule wa kwanza bado unao?" aliuliza. "Ule wa njano?"

"Nimeufuta. Si ulitufundisha darasani kwamba kazi iliyoharibika haiwekwi?"

Wanafunzi wengine walianza kupanda ngazi. Mchomeleaji aliingia, akawaona, akaenda kukaa mbali bila kuambiwa. Bwana Rula akampisha mama mkwe kwenye kiti chake, upande wenye feni, yeye akavuta kigoda. Akafungua ukurasa mtupu, akapaka njano. Akaandika zile sentensi nne fupi kama alivyozikumbuka. Kisha akamwuliza, kwa sauti ya mtu anayeanza, kitufe kiwe na ukubwa gani.

Mama mkwe alifikiri kidogo, akaichukua simu, akailaza mezani, akaweka kiganja chake chote juu ya kioo.