Lori Lililokabwa Koo

Wiki sita za mvua lori lilikuwa limesimama uani, na mwenye lori, ambaye mtaa mzima ulimwita Taratibu kwa sababu hata kobe angempigia honi, mchana alikuwa akilipitia kwa mbali kama mtu anayekwepa kesi.

Asubuhi moja mkewe alikata shauri. "Mnunua vyuma chakavu anakuja saa sita. Likitoka getini kwa magurudumu yake, libaki. Lisipotoka, alikate vipande, nipate pa kuanika nguo."

Taratibu akachukua ufunguo. Lori lile ndilo lililowasomesha watoto wake wanne. Akaliwasha, akaachia breki. Injini iliitika vizuri, lakini magurudumu ya nyuma yaligoma katakata. Hakuwa na budi ila kumwita shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi mwenye mikono mizuri na ulimi usio na breki.

"Breki za nyuma zimeganda, shemeji."

"Zimeganda zenyewe?" Fundi alikuwa keshaingia uvunguni. "Uliliegeshaje?"

"Kama mtu mwenye akili zake. Nilivuta hendibreki."

"Mara moja?"

Taratibu akakuna kisogo. "Kila jioni nilikuwa napita kuongeza kidogo. Si unaona huu mteremko?"

"Mteremko! Maji yakimwagika hapa hayajui yaende wapi. Dada! Njoo umsikie mumeo! Kumbe kila jioni alikuwa anakuja kulikaba lori koo!"

"Shemeji, nakuomba, punguza sauti."

"Nishike jeki au nishike ulimi? Chagua kimoja."

Akachagua jeki. Walitia magogo magurudumu ya mbele, wakanyanyua nyuma, wakafungua matairi. Kutu ilikuwa imegandisha viatu vya breki ndani ya dramu, lile bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu. Fundi alidondosha mafuta pembezoni mwa kitovu tu, akampa Taratibu nyundo. Taratibu akagonga kama anayebisha hodi kwa mkwewe.

"Hakuna aliyelala humo, shemeji. Gonga!"

Dramu ya kwanza ilichomoka. Ya pili ikakaza. Mnunua vyuma akafika na mnyororo wake begani, akageuza ndoo, akaikalia. Taratibu hakuthubutu kumtazama. Fundi alipenyeza bisibisi katika tundu la nyuma, akalegeza kirekebishio cha breki meno mawili matatu, akasema, "Sasa." Taratibu akagonga kwa nguvu zote za wiki sita. Dramu ikadondoka, nusura imwangukie mguuni.

Walisugua kutu kwa msasa, wakalainisha kebo ya hendibreki, wakarudisha kila kitu. Adhuhuri lori lilipita getini taratibu, likasimama lilipoambiwa lisimame, likarudi kinyumenyume. Mnunua vyuma akainuka na mnyororo wake, akaondoka.

Mke alikuwa mlangoni, kikapu cha nguo kiunoni. "Basi liegeshe pembeni. Nami nina kamba yangu ya kufunga."

Taratibu akaliegesha, akazima injini, na mkono wake, kwa mazoea, ukaenda kwenye hendibreki.

Nyundo ya fundi ikagonga mlango wa lori. "Mkono!"

Akaurudisha mapajani kama mtoto aliyefumaniwa kwenye sukari, akashuka kutafuta mawe ya kutia magurudumuni.