Choya ya Anjela Yapigwa Mnada Kanisani

Hii hamtaiamini, lakini subirini nimalize: Anjela wa Makumira kagombania mnadani choya yake mwenyewe!

Choya, yaani ile rosella ya chai nyekundu. Miezi mitano Anjela anaibebea maji kwa ndoo, kakata ncha za miche ili itoe matawi, kafukuza kuku mpaka sauti ikamkauka. Miche arobaini! Ikabaki miwili tu. Lakini hiyo miwili, we! Imempita kimo, imebeba vile vikombe vyekundu vya kuchemshia chai mpaka matawi yanainama. Hakuchuma hata kimoja. Aliiacha mbegu zikomae, maana aina ile haipo dukani. Mbegu hizo zikipotea, hana cha kupanda tena.

Jumapili ya mavuno anatoka kuoga, anakuta vishina tu.

"Mama, choya yangu iko wapi?"

Mama mkwe wake, Mama Elinami, kashavaa kitenge. "Mumeo ameshaipeleka kanisani. Ulitaka tutoe ndizi kama kila mtu?"

"Mama, ilikuwa ya mbegu!"

"Ndiyo ilikuwa nzuri kuliko zote."

"Ilikuwa peke yake!"

"Haya, vaa viatu, tunachelewa."

Ibada ikaisha, mnada wa sadaka za mavuno ukaanza. Mzee Sumari, mzee wa kanisa, kanyanyua matawi juu. "Maua haya, elfu tano!"

"Si maua hayo!" Anjela kafoka kutoka nyuma.

"Elfu sita, dada pale nyuma!"

"Mimi sijasema sita!"

"Elfu saba, kaka wa suti!"

Jamani. Akaona huyu wa suti ataondoka na mbegu zake. Akapanda naye bei, wakapanda, hela yote ya gesi ikaishia hapo. Akashinda! Kakimbia mbele, kashika vitumba vyenye mbegu, bado zinaokoleka akivitundika jikoni vikauke. Ndiyo kwanza anapumua.

Sasa si mnajua mavuno yetu, mtu akinunua kitu anamzawadia mwingine? Mama Elinami kashachukua kipaza sauti. "Mkwe wangu anamzawadia mchungaji!"

Vigelegele! Mchungaji huyo anakuja, mikono mbele. "Ubarikiwe sana, mama. Leo leo naichemsha yote!"

Anjela kaikumbatia choya. Kanisa zima linamtazama, Mama Elinami anamkonyeza atabasamu.

Ungekuwa wewe ungemkabidhi, au ungetoka nayo mbio? Semeni ukweli.