Mbali na Mashine

Valère alikuwa na sheria zake nyumbani, na nyingi zilikuwa za kuudhi tu, kama ile ya kutopokea simu mezani. Lakini moja hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Mtu wa nyumba yake akipanda treni, popote duniani, akae behewa lililo mbali kabisa na injini. Binti yake Gisèle, ambaye kutania kwake kulikuwa kama kupumua, aliitania hata hiyo.

Sheria hiyo Valère hakuiokota njiani. Walipokimbia Uvira na kuvuka ziwa, yeye na mkewe Henriette na Gisèle akiwa na miaka mitano, walipanda treni Kigoma. Mvua ilikuwa imekula tuta la reli kabla ya kufika Tabora. Injini ilizama na mabehewa yaliyoifuata yakapandiana juu yake. Wao walikuwa behewa la mwisho, kwa vile walifika wamechelewa na wenye nguvu walikwisha kunyakua nafasi za mbele. Walitoka na michubuko. Valère alikwenda mbele kusaidia kutoa watu, na aliyoyaona huko hakumsimulia mtu, hata Henriette. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Valère alishtuka hivyo tangu siku ile, akashtuka hivyo hata Birmingham, Uingereza, walikohamia baadaye, na kila siku ya safari aliirudia sheria yake mpaka mkewe akawa anaimalizia kwa mdomo wake mwenyewe, kwa lile jina lao la injini: mbali na mashine.

Jumapili moja ya Mei 2009, Gisèle alikuwa anarudi chuoni London. Henriette alibaki kanisani na kwaya. Kwa kawaida Valère humshusha binti yake mlangoni mwa stesheni, kwa sababu kutafuta mahali pa kuegesha gari katikati ya mji ule ni adhabu. Siku hiyo shetani, au bahati, ikamwachia nafasi pembeni mwa barabara. Akabeba begi lenye makopo ya sombe, kisamvu cha kwao, wakashuka pamoja mpaka kwenye jukwaa.

"Mashine iko wapi?" aliuliza.

"Papa, please."

Aliitafuta mwenyewe, na haikujificha. Ilikuwa hapo hapo waliposhukia ngazi, kubwa, inanguruma, joto lake unalisikia usoni. Upande wa pili, kule mbali, treni iliishia kwa behewa la kawaida tu, lenye viti na madirisha, isipokuwa pale mwisho wake palikuwa na kioo kipana na kiti cha dereva.

"Voilà," alisema Valère. "Mashine ni hii. Weye unaenda kukaa kule mwisho."

"That's not the end, that's the front." Kisha, alipoona uso wa baba yake haujabadilika, Gisèle akajitahidi kwa Kiswahili. "Papa, hii treni inasukumwa. Mashine inabaki nyuma, inasukuma. Dereva anakaa kule."

"Isukume, ivute, miye siko fundi. Mashine iko hapa ao haiko hapa?"

"Iko hapa."

"Basi."

Behewa lililokuwa mbele yao, la jirani na injini, lilikuwa na watu wasiozidi vidole vya mkono mmoja. Gisèle alilitazama, akalitazama begi zito, akamtazama baba yake. Kisha akacheka, akamshika mkono, wakatembea jukwaa zima. Valère aliweka begi juu ya kichanja, akahakikisha binti ameketi dirishani, akagonga kioo kwa nje mara mbili. Akaondoka ameridhika kabisa. Baadaye, katika yote yaliyotokea, kuridhika huko ndiko kulikomchoma zaidi.

Habari ililetwa na Maisara, jirani yao Mzanzibari wa pale Bordesley Green, mwanamke asiyebisha hodi mara mbili. Henriette alikuwa ndiyo kwanza anavua kitambaa chake cha kwaya.

"Mama Gisèle, mtoto kaondoka na treni ya saa ngapi?"

Walipomwambia, Maisara alikaa chini bila kukaribishwa. Treni ya London imeacha reli, alisema, televisheni inaonyesha. Ilikuta trela la shamba limekwama kwenye kivuko cha reli. Behewa la mbele limepinduka. Wanasema wapo waliokufa.

Henriette alifunga macho, akayafungua, na Valère akaona kitu ambacho hakukitarajia: mkewe alikuwa anavuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

"La mbele," Henriette alisema. "La mbele ni kwa mashine. Gisèle hayuko kule. Ule mutoto anacheka-cheka, lakini anasikiaka. Papa Gisèle, si ulimuambia?"

"Nilimuambia," alisema Valère.

"Merci Seigneur. Basi iko mbali na mashine." Akaingia jikoni, kwa maana tangu ile ajali ya njia ya Kigoma hakuweza kutazama picha za watu waliolazwa chini. Kupitia mlango walimsikia anamshukuru Mungu kwa sauti, na kati ya shukrani anawaombea waliokaa mbele, na wazazi wao, maskini, ambao hawakuwa na mtu wa kuwafundisha.

Valère aliwasha televisheni, sauti akaipunguza mpaka karibu na kunyamaza. Picha ilipigwa kutoka angani. Shamba la maua ya njano, njano ya kuumiza macho, na reli inapita katikati. Injini ilikuwa imesimama wima juu ya reli zake, haina mkwaruzo, safi kama imetoka kuoshwa. Nyuma ya treni. Ukiyafuata mabehewa kwa macho, moja, jingine, yote yamesimama au yameinama kidogo, unafika mwisho wa pili, na pale behewa la mwisho halikuwepo kwenye reli. Lilikuwa ndani ya maua, limelala ubavu, limekunjika katikati, na watu wadogo wenye makoti ya kung'aa wanatambaa juu yake.

Mtaalamu mmoja mwenye tai alialikwa kueleza. Alisema treni za aina hii huvutwa zikienda upande mmoja na kusukumwa zikirudi, na kwa miaka mingi zimesafirisha watu salama. Tatizo, alisema, ni pale behewa jepesi linapotangulia na kukuta kitu kizito njiani. Huweza kukipanda badala ya kukisukuma kando, na likishatoka kwenye reli, uzito wote wa nyuma unaendelea kuja. Injini ingekuwa mbele, huenda mambo yangekuwa mengine. Mtangazaji akamuuliza, kwa hiyo abiria waogope? La hasha, akasema yule bwana, ajali za namna hii ni nadra mno, kwa takwimu hakuna sababu ya mtu kuchagua behewa moja badala ya jingine.

Takwimu! Valère angeweza kulia kwa kicheko. Kati ya watu wote wa Uingereza waliopanda treni siku ile bila kuchagua, yeye ndiye aliyekuwa amechagua.

"Baba Gisèle," Maisara alisema taratibu. Hakuwa anatazama televisheni tena, alikuwa anamtazama yeye. "Mtoto kakaa wapi?"

"Sijui. Nilimuacha mlangoni."

Uongo ule ulimtoka wenyewe, mwepesi, na ulipokwisha kutoka hakujua namna ya kuurudisha.

Akapiga simu. Iliita, iliita, kisha sauti ya Gisèle ya kurekodi, ya Kiingereza, ya furaha isiyovumilika, ikamwomba aache ujumbe. Akapiga tena. Akapiga akiwa chooni, akapiga akiwa uani karibu na mapipa ya taka, ili Henriette asione ni mara ngapi anapiga. Ile namba ya dharura iliyoandikwa chini ya picha ilikuwa inatumika kila alipoijaribu. Mara ya mwisho simu ya Gisèle haikuita kabisa.

Hapo uani Valère alianza kuomba, na ombi lake hakuna mzazi aliyewahi kulifundishwa kanisani. Alikuwa amemlea yule binti kwa methali moja kuliko zote, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Alimwimbia nayo asubuhi na kumlaza nayo usiku. Sasa alimwomba Mungu Gisèle awe amekuwa mtoto mbaya. Awe amemcheka baba yake mara treni ilipoondoka. Si mara moja Gisèle alikuwa amekiri, akicheka, kwamba akishampungia mkono huhamia anapotaka. Bwana, awe amehama. Awe amemfuata rafiki, ameona mvulana mzuri, amechoshwa na watoto wanaolia, chochote. Nipe mtoto mkaidi, Bwana, nipe mwenye kichwa kigumu, asiyejali neno langu hata kidogo, na sitamgombeza tena maisha yangu yote.

Kisha alikumbuka binti alivyocheka na kumshika mkono, na mwendo mrefu wa jukwaa lile, na akajua hakuhama. Siku hiyo Gisèle alikuwa ameamua kumfurahisha.

Aliporudi ndani, Henriette alikuwa amempa Maisara chai na anamfariji yeye. "Usiogope, dada. Simu zote zinaharibika wakati kama huu. Atapiga." Alimtolea mumewe kikombe. "Papa Gisèle, kunywa. Unahangaika juu ya nini? Ni sheria yako imemuokoa." Maisara aliinua macho, akayashusha kwenye kikombe chake. Alikuwa ameshafahamu, na alikuwa na adabu ya kunyamaza, na unyamavu wake Valère aliuchukia kuliko tusi.

Jua lilikuwa bado juu simu ilipolia. Sauti ya mwanamke, ya upole wa kikazi, ikauliza kama anaongea na baba wa Gisèle. Yu hai, ilisema. Yuko hospitali, akataja mji ambao Valère aliujua kwa vibao vya barabarani tu. Yuko kwenye upasuaji. Waje, na waendeshe kwa uangalifu.

"Upasuaji wa nini?" Henriette alirudia hilo neno ndani ya gari, barabara kuu nzima. "Si alikuwa nyuma?" Akatafuta njia. Labda alikuwa chooni. Labda alitembea kwenda kununua kahawa, kule mbele wanauza kahawa. Labda mizigo ilimwangukia, makopo ya sombe, na hapo akaanza kujilaumu yeye, kwa nini aliyajaza vile, mtoto anakula kidogo. "Nilimubebesha mingi," alisema, akilia sasa. "Ni miye." Valère alishika usukani. Ilikuwa nafasi yake ya kusema, na nafasi ikapita, na nyingine ikaja nayo ikapita, kama malori yale upande wa pili. Mwoga ni mwoga hata akiwa anaendesha gari kwa mwendo ule.

Daktari aliwapokea ukumbini. Ataishi, alisema kwanza, na Henriette akapiga magoti pale pale sakafuni. Daktari alisubiri ainuke ndipo aseme la pili. Behewa lilipolala ubavu, mkono wa kulia ulibanwa dirishani. Walijaribu kila njia. Mkono haukuokolewa.

Gisèle alikuwa mdogo kitandani kuliko alivyokuwa asubuhi. Uso wake ulikuwa na mikato midogo midogo ya vioo, na shuka upande mmoja ilishuka bapa, mapema mno. Dawa zilikuwa zinamvuta usingizini, lakini alipomsikia mama yake akafungua macho.

Henriette alimbusu paji la uso, mashavu, kidevu, kila palipokuwa pazima. Alijizuia muda mrefu. Halafu akashindwa, kama mama yeyote angeshindwa.

"Mwana wangu. Juu ya nini ulikaa mbele?"

Gisèle aligeuza macho akamtazama baba yake. Alimtazama kwa muda, bila hasira, kama mtu anayepima mzigo ili ajue kama ataumudu. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Nyuma kulijaa, Mama," alisema, kwa Kiswahili, polepole, ili asieleweke vibaya. "Sikupata nafasi."

Akafumba macho.

Henriette aligeuka, akaushika mkono wa mumewe kwa mikono yake yote miwili, akaushinikiza kifuani. Alikuwa anamsihi. "Papa Gisèle, umesikia? Usimukasirikie. Kesho akipata nguvu, tafadhali, usimugombeze. Hakukataa neno lako. Ni nafasi tu ilikosa."

Valère alimtazama binti yake aliyefumba macho.

"Nyuma kulikuwa wazi," alisema. "Niliingia na yeye. Mashine ilikuwa nyuma, akaniambia, sikumusikia. Ni miye nilimukalisha pale."

Mashine ya kando ya kitanda iliendelea kuhesabu mapigo ya Gisèle. Henriette hakupiga kelele. Mikono yake ilibaki pale pale, imeuzunguka mkono wa mumewe, haibani wala haiachii, na Valère akasimama hivyo, bila kuthubutu kusogeza hata kidole.