Chupa Yenye Suke la Ngano

…na sasa ananiambia zote ni sawa, sawa vipi, watoto wa tumbo moja hawawi sawa sembuse chupa zilizojaza rafu tatu, nimesimama kwenye kaunta ya duka hili la vinywaji mpaka magoti yananiwaka, na swali langu ni moja tu, hii imetengenezwa kwa nini, na kila nikiuliza muuzaji ananitajia bei, "Hii nafuu, bibi," kwani nimeuliza bei, nimeuliza kama ina ngano, "Ngano inauzwa duka la pili, bibi, hapa ni pombe," na kicheko juu, cheka tu baba, hukumwona binti yangu siku zile kumi na nne kajikunja kitandani kama uzi uliotupwa, maana ule mnato wa ngano na shayiri, ule unaofanya unga uvutike, wenyewe wanauita gluteni, ukimwingia tumboni ni sawa na kumeza wembe, na lebo hizi nazo, herufi kama mayai ya chawa, hata aliyesoma angeomba miwani sembuse mimi niliyejifunzia kusoma kwenye magunia… bia hapana, binti yangu alinieleza jana kwenye simu, polepole, kama anamtuma mtoto dukani, bia ni shayiri, iache, chukua pombe kali, ya zabibu sawa, ya miwa sawa, ya viazi sawa, "daktari anasema hata ya nafaka, ikishakenekwa kwa mvuke ikabaki pombe tupu, haidhuru, tuogope zile zinazotiwa vitu baadaye, lakini ile ya mume wangu ilinilaza, mama, huyo daktari alikuwepo?" na mimi nikasema ndiyo mwanangu, hakuwepo, kwa sababu chupa ile ilikuwa na suke la ngano limechorwa kwenye lebo, sote tuliliona, usiku ule wa sherehe yake, wageni walishaondoka, tumbo limeshamshika, na mbele yangu akamwambia mume wake, umeninunulia sumu ukanyamaza, na mkwe wangu akainamisha kichwa, miezi saba sasa, akija kwangu anakuja peke yake na kopo lake na kijiko chake, maji yangu hanywi, mume hata kumtaja hataki, mpaka leo ndiyo wanakuja wote wawili, mchana huu, "nunua wewe, mama, wewe nakuamini"… "Bibi," anasema fundi bomba nyuma yangu, mkoba wa spana begani, "ukizidi kuzihoji hizo chupa zitakiri," na wewe ngoja, kwani bomba lako linavuja humu dukani… lakini daktari kasema kweli, hilo sikuhitaji shule kulijua, nilikaa miaka sita jikoni kwa shangazi yangu nikichochea moto chini ya chungu chake cha pombe, bomba linapita kwenye pipa la maji, tone, tone, na yeye kiunoni kajifunga kitambaa, "kinachopanda ni mvuke, mwanangu, machicha yanabaki chini na uzito wake," kweli tupu, uji ule mzito haukuwahi kupanda bomba hata siku moja, sasa ngano ya kwenye chupa ya mkwe wangu ilipandaje, ilipata miguu wapi… "Basi chukua hii," muuzaji ananiwekea mbili mbele, nyeupe na ya dhahabu, "hii ina rangi ya kuwekea wageni," rangi ya wageni, nani mwingine alikuwa akisema hivyo, shangazi, nyeupe ya walevi, ya dhahabu ya wageni, na alikuwa akichukua gamba la mkate, analichoma kwenye makaa mpaka liwe jeusi, analitumbukiza kwenye chupa, lilale humo, asubuhi anachuja kwa kitambaa, rangi kama asali, siri yetu hiyo… siri yetu… ngoja kwanza, mkwe alileta chupa nyeupe, siku moja kabla ya sherehe, wakubwa wa kazini kwa binti yangu wanakuja kumpongeza kwa cheo, na mimi nikaona aibu, nyeupe mbele ya watu wale, usiku nikawasha jiko… jamani, nilichoma magamba mawili ya mkate, nikayalaza kwenye chupa ile, nikachuja vizuri, nikaona kitambaa kisafi, nikasema hakuna kitu humu, na sifa za wageni nilizipokea, mama, rangi imekaa, nikacheka… na mkwe wangu alikuja jikoni baada ya kelele zile, akaichukua chupa mwenyewe, akaisuuza, akaitazama chini kwenye kitako, kama anatafuta chembe, akaitazama tena, akasuuza mara ya tatu, kisha akanigeukia, "Kapumzike, mama, umechoka," alijua, mtoto wa watu alijua, kakaa miezi saba anaitwa muuaji ndani ya nyumba yake ili mimi nisiitwe, na mimi nipo hapa nasumbua duka la watu… "Ipi sasa, bibi?" ipi, sijui ipi, ya miwa, nyeupe, yoyote isiyotiwa kitu, naona vidole vyangu bado vimeshika kaunta, fundi bado anahema nyuma yangu, "Bibi?" subiri baba, napanga maneno, kabla hawajakaa nitasema, wote wawili wakiwa wamesimama mlangoni, nikianza na shangazi nitakuwa najitetea, nikianza na wageni nitakuwa nawasingizia, hapana, naanza na mkate.