Aliyemeza Maji ya Kuonja

Kabla ya kusia mpunga, watu wa delta huonja maji. Mmoja huchota kwa kiganja, mwenziwe husimama kando na kuuliza, "Yamekaaje?" Mwonjaji hutema ndipo ajibu, maana mdomo uliojaa maji hausemi. Yakiwa matamu wanasia. Yakiwa na chumvi wanangoja mto uisukume bahari irudi kwake.

Mwanawetu aliulizwa na mumewe, Bwanaheri, miaka thelathini. Mwaka ule mitumba ilipoanza kumwagwa sokoni Kibiti, Bwanaheri akafa, na Mwanawetu akaenda kuonja peke yake. Akachota, akatia mdomoni, akasubiri aulizwe. Alisubiri weee! Akameza.

Tangu siku hiyo bahari ikawa inapanda ndani yake. Maji yakijaa mtoni, ngozi yake huloa kuanzia nyayoni, na yanapokomea hubaki mstari mweupe wa chumvi. Maji yakitoka, naye hukauka. Msimu ule mstari ulikuwa kifundoni. Alikwenda Bungu kwa bintiye Zuena, mbali na bahari, lakini saa ya maji kujaa nyayo zake zikalowesha mkeka. Zuena akapangusa, akapangusa tena.

"Mama, nyumba yenyewe ya kupanga," alisema, bila ubaya.

Mwanawetu akarudi kwake. Ilimuuma, tusidanganyane.

Kilichobaki kilikuwa shamba. Lilitaka tuta upande wa baharini, kazi ya watu kumi kwa wiki mbili, naye alikuwa mmoja. Bila tuta chumvi ingeingia, na bila mpunga asingekula, wala hakuwa na pengine pa kuishi.

Ndipo wakaja wataalamu wawili, mmoja mrefu na mmoja mfupi, kila mmoja wa taifa lake kubwa. Mataifa hayo yalitishiana mabomu tangu Mwanawetu hajawa mwari. Sasa yalikuwa yamekubaliana kuipima bahari pamoja. Mwanawetu aliwapikia wali kwa samaki. Mgeni njoo, mwenyeji apone, alijisemea.

Kila mtaalamu alichomeka boriti yake ya kupimia, hatua mbili kutoka ya mwenziwe. Maji yalisimama juu kwenye boriti moja na chini kwenye nyingine, siku tisa mfululizo, na kila mmoja akashikilia yake. Faraji, karani wa Kibiti aliyewatafsiria, akachoka nao.

"Mpimeni Bi Mwanawetu," akasema. "Yeye hana upande."

Wakampima kwa futi kamba, toka unyayo hadi kwenye mstari wa chumvi. Mrefu akasoma, mfupi akasoma: hesabu ileile. Wakapeana mikono juu ya goti la Mwanawetu, na mfupi akafuta machozi.

"Waulize, mwanangu, tuta langu je?" akasema Mwanawetu.

Faraji akauliza. Wale wawili wakashauriana kwa muda mrefu, kwa upole, hakuna aliyemkatiza mwenziwe.

"Wanasema mkataba ni wa kupima," Faraji akajibu, akitazama viatu vyake. "Kuzuia hakumo. Lakini wanakushukuru sana, Mama."

"Waambie wali waliokula ndio wa mwisho."

Faraji hakutafsiri hilo.

Wataalamu walirudi kila mwaka. Mstari ukafika kiunoni, ukafika kifuani, na hawakupishana hata nukta. Mpunga ulikauka ukiwa umesimama ndani ya maji. Majirani walihamia Mtawanya mmoja mmoja, wakamuaga vizuri, wala hakuna aliyemwambia twende.

Mwaka wa saba mstari ulikuwa shingoni. Wataalamu walimpima, wakasaini taarifa ya mwisho, wakapanda boti yao na kuketi wameegemeana kama ndugu wa tumbo moja. Injini haikuwa imewashwa bado. Mwanawetu alishuka shambani, akachota kwa kiganja, akatia mdomoni. Akageuka kuwatazama.

Walikuwa hatua kumi tu kutoka kwake. Mrefu alikuwa akiandika, mfupi akimshikia karatasi isipeperuke.

Alisubiri aulizwe mpaka injini ikawaka. Akameza.